Siku Nne za Pikipiki ya Mtu: Nilivyokwenda Kupumzika Msimbati

Tope nalijua. Nilikuwa afisa ugani mkoani Njombe miaka sita, na mvua ya kule ikishaamua kunyesha, barabara ya kijijini inakuwa sabuni. Pikipiki ya ofisi niliiendesha kwenye utelezi huo, sampuli za udongo mgongoni, gamubuti miguuni, na kwa miaka yote hiyo nilianguka mara mbili tu. Kwa hiyo mama mwenye gesti niliyofikia Mtwara, maeneo ya Shangani, aliponiambia, "Mwanangu, Msimbati ni mchanga mtupu, pikipiki itakusumbua," nilimwitikia kwa adabu na moyoni nikamcheka. Mchanga sikuujua.

Naandika kwa yeyote mwenye wazo kama langu: kuteremka pwani ya kusini, kukodi pikipiki na kuzunguka peke yake bila kupangiwa saa wala njia. Wazo ni zuri, bado naliamini. Mimi nililitekeleza vibaya, na kovu la ekzosi kwenye shavu la mguu wa kulia hunisalimia kila nikivaa sketi.

Kilichonitoa Dar ni presha. Nilikuwa nimehamishiwa ofisini, kazi ya kukaa, na msimu wa bajeti ulipokwisha daktari alinipima akakuta 160 kwa 100. Akaandika vidonge, kisha akaniuliza mara ya mwisho nilikwenda likizo lini. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha. Zanzibar sikutaka, kwa sababu ya bei, na kwa sababu ukienda Zanzibar unakutana na nusu ya ofisi wamevaa kaptula. Nikachukua siku kumi mwanzoni mwa Oktoba, nikapanda basi la Mtwara.

Safari ni kama kilomita 560. Unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unapita Somanga, Nangurukuru, unaiona bahari tena Lindi, na mahali fulani baada ya hapo hewa inabadilika. Ule mwezi mabibo yalikuwa yameanza kudondoka. Kama hujawahi kuinusa harufu ya mabibo yaliyolala chini ya mkorosho siku mbili, ni tamu, nzito, yenye uchachu kwa mbali, kama pombe ambayo haijaamua. Iliingia dirishani tukiwa bado kwenye mwendo, na mtoto wa jirani yangu kitini akasema, "Tumefika kwa bibi."

Kesho yake nikatafuta pikipiki. Na hapa ndipo kosa la kwanza lilipoanza, ingawa nilikuja kulitambua siku ya nne.

Mtwara sikupata duka la kukodisha pikipiki. Unauliza watu, mmoja anampigia mwingine, mwisho anakuja baba mmoja na Boxer 150, anaiegesha mbele ya gesti na kuipapasa tangi kama anauza ng'ombe. Akataka elfu arobaini kwa siku, tukaishia elfu thelathini, na dipoziti ya laki moja na nusu. Nilijiona nimebana bei. Nilikuwa na leseni yenye daraja A, nikamwonyesha, hata hakuiangalia. Kadi ya pikipiki sikuiomba. Bima niliitazama stika tu, sikusoma tarehe. Hatukuandikishana chochote, wala sikuipiga picha pikipiki ile kabla ya kuichukua, mimi ambaye ofisini nakataa risiti isiyo na mhuri.

Laiti ningeuliza swali moja: hii pikipiki jana ilikuwa na nani? Helmeti aliyonipa ilikuwa ina harufu ya jasho la mtu wa jana. Usukani ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu, na kwenye tangi mtu alikuwa amebandika jina la timu yake. Hivyo havikuwa vitu vya yule baba. Niliviona, nikavipita.

Siku ya kwanza nilikwenda Mikindani, kilomita kumi na kitu, lami nzuri, ghuba iko mkono wa kulia imetulia kama maji ya beseni. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama mlimani, jeupe, na chini yake mji wa zamani wa mawe una nyumba nyingine zimebaki kuta tu na miti imeota ndani. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Nilikula pweza, nikalala chini ya mti, nikarudi jioni. Hiyo siku sina cha kulalamika. Ndiyo iliyonipa kiburi.

Siku ya pili, Msimbati. Unatoka mjini hadi Mangamba, unachukua njia ya Madimba, na kutoka hapo Mangamba hadi Msimbati ni kama kilomita 36. Sehemu kubwa niliyopita ilikuwa vumbi, mikorosho huku na huku, halafu ghafla katikati ya vijiji unakutana na uzio mrefu na taa: kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba linaloanzia huku ndilo linalokwenda hadi Dar. Kwa hiyo ule umeme wa ofisini kwangu ninaoulalamikia ukikatika, sehemu yake inatoka chini ya minazi hii. Nilitaka kupiga picha. Usipige. Mlinzi alinyoosha kiganja tu, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Watu wa mjini wengine wanapaita Msimbati kisiwani. Kwenye ramani ni rasi. Ila ukishapita mikoko, ukaona maji kushoto na maji kulia, na mchanga umekuwa mweupe, huna ugomvi na anayeita kisiwa. Miaka ya mwisho ya ukoloni kulikuwa na Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyeishi hapo akatangaza kwamba ni nchi yake inayojitegemea. Nilipokaa barazani jioni ile nikitazama minazi, nilimwelewa kidogo, ingawa wenye nchi walikuwepo muda wote na hakuwauliza.

Kuna mambo mawili niliyafanya sawasawa, niyataje maana mengi yatakuwa aibu. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna tozo ya kuingia. Nililipa, nikachukua risiti na kuitunza. Kisha nikaenda ofisi ya kijiji kujitambulisha na kitambulisho cha taifa. Huko ni karibu na mpaka, mgeni anayezunguka peke yake na pikipiki anaulizwa maswali. Mwenyekiti ndiye aliyenipeleka kwa bibi mmoja mwenye chumba cha uani, kitanda cha kamba, neti safi, choo cha nje. Elfu kumi na tano pamoja na chakula cha usiku.

Bibi yule hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, pikipiki yote hii unaiendesha mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, bibi. Akaizunguka mara moja akiwa ameshika kiuno. "Haya," akasema, akaenda kuchochea moto. Tulikula ugali wa muhogo na changu wa nazi. Asubuhi akanichemshia ming'oko, ile mizizi ya porini wanayoila sana kusini. Unaimenya kama unamenya kidole, ina utamu wa mbali sana, na ukianza huachi. Nilikula nikiwa nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, jua bado halijawa kali, kuku wananizunguka, na nikagundua kwamba tangu jana sijakunja mabega. Ofisini mabega yangu hukaa karibu na masikio.

Vidonge vya presha nilikuwa nimevisahau Shangani.

Sasa siku ya tatu. Kutoka Msimbati kwenda Ruvula, ambako ndiko kwenye ufukwe unaosifiwa, kuna njia mbili: ya ndani, ya mchanga laini unaopita kati ya minazi na vichaka, na ya ufukweni kwenyewe, maji yakiwa yamekupwa. Mchanga uliotoka kuachwa na maji ni mgumu kama sakafu. Mwezi ulikuwa umejaa usiku uliotangulia, maana yake ni bamvua: maji yanakupwa mbali na yanajaa hadi juu. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hukupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa kabisa kwenye saa kumi jioni, na kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika hamsini. Haya nayajua leo. Asubuhi ile nilijua tu kwamba bibi alisema, "Nenda sasa, pwani ni kavu."

Nilishuka ufukweni saa nne. Sijui niwaelezeje. Upande wa kushoto minazi, upande wa kulia bahari imerudi nyuma hadi wanawake wanaookota kombe wanaonekana wadogo kama ndege, na mbele yangu mchanga uliolowa unang'aa, hauna alama ya mtu. Gia ya nne. Kitambaa chekundu kwenye usukani kinapepea. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Nina miaka arobaini na moja, nina cheo, nilipiga kelele kama mtoto aliyefunguliwa shule.

Ruvula maji ni ya kijani ya chupa. Unatembea yanakufika gotini, kiunoni, unaona vidole vyako vya miguu, halafu hatua chache mbele rangi inageuka bluu nzito, kina kinashuka ghafla. Mvuvi aliyekuwa anashona wavu kivulini alinionya kuhusu hilo, na akaniambia jambo la pili: "Dada, kama utarudi kwa pwani, saa nane isikukute hapa." Nikamshukuru. Nikaogelea palepale penye kina kifupi, nikala embe, nikalala kivulini. Nilipoamka nikatazama simu: saa saba na dakika ishirini. Bado mapema, nikajisemea. Nikaingia majini tena.

Asubuhi ile simu ilikuwa imepokea ujumbe wa Kireno. Nilidhani ni matangazo, nikaufuta. Ulikuwa ujumbe wa kunikaribisha Msumbiji. Huku kusini kabisa simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo ya Ruvuma bila kukuuliza, na ikishika inakula salio kwa bei ya ughaibuni na kujirekebishia saa. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu yangu iliposema saa saba na dakika ishirini, jua la Msimbati lilikuwa kwenye saa nane na dakika ishirini.

Niliondoka saa nane kasoro dakika kumi ya Msumbiji. Ile sakafu ya asubuhi haikuwepo. Maji yalikuwa yamepanda hadi karibu na mizizi ya minazi, kimebaki kipande chembamba cha mchanga mkavu ulioinama, na wimbi moja kati ya matatu lilikuwa linafika kwenye magurudumu. Nilikwenda hivyo mita mia kadhaa, maji ya chumvi yakirukia injini, nikiwa na hakika kwamba kona inayofuata itakuwa afadhali. Kona iliyofuata haikuwa na ufukwe kabisa. Nikaipandisha pikipiki kwenye njia ya ndani.

Kwenye tope, gurudumu la mbele likianza kuyumba unapunguza mwendo. Nikafanya hivyo. Nikaachia mafuta, nikagusa breki ya mbele. Kwenye mchanga laini hicho ndicho kitu pekee usichopaswa kufanya. Gurudumu la mbele likazama kama limekanyaga unga, usukani ukanipokonya mikono, na Boxer ikalala kwa upande wa kulia, mguu wangu ukiwa chini yake, ekzosi ikiwa imetoka kufanya kazi.

Nilipata muda wa kusikia harufu kabla ya maumivu.

Sikuweza kuinyanyua. Petroli ilikuwa inadondoka kwenye kifuniko cha tangi na mimi nalia, si kwa mguu tu. Nililia kwa hasira ya kwamba hata kupumzika nimeshindwa. Waliokuja ni wale wanawake wa kombe, wawili, ndoo kichwani. Waliziteremsha taratibu, mmoja akashika usukani, mwingine kiti, wakasema "Haya!" na pikipiki ikasimama. Mkubwa wao akatazama mguu akasema, "Pole, mwanangu. Tukifika kwangu nitakupaka dawa ya mswaki." Wa pili akasema kwake iko asali. Sikupaka chochote, na hiyo ilikuwa bahati yangu ya pekee siku ile: nilikumbuka semina ya huduma ya kwanza. Jeraha la moto ni maji safi yasiyo ya moto, yanayotiririka, kwa dakika ishirini. Dawa ya mswaki, siagi na mafuta havigusi. Walinimwagia kwa kata hadi mtungi wao wa maji ya kunywa ukaisha. Kupata maji ya kunywa pale ni kutembea. Nikimkumbuka mtu katika safari hii yote, nawakumbuka wale wawili na mtungi ule.

Zahanati ya kijiji nesi alinisafisha jeraha, akalifunga, akaniuliza kama nina ugonjwa wowote. Nikamwambia presha, na vidonge viko mjini. Akanipima. 138 kwa 86. Tukatazamana. "Huko Dar mnafanya kazi gani?" akaniuliza.

Kosa lililofuata ni la uchovu. Usiku ule sikuiosha pikipiki. Chombo kilichoonja maji ya chumvi kinaoshwa siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na chumvi, kinakaushwa, cheni inapakwa oili. Mimi nililala. Asubuhi cheni ilikuwa na rangi ya chai, breki ya nyuma inalia, na mkono wa klachi umepinda tangu jana. Saitimira ya kulia ilikuwa imebaki kwenye mchanga. Nikajikokota hadi Mtwara kwa gia ya pili na ya tatu, mguu unawaka kila nikipita kwenye shimo.

Mwenye pikipiki aliizunguka kimyakimya, kisha akakata elfu tisini kwenye dipoziti. Fundi wa barabarani alikuwa amenitajia: mkono wa klachi elfu nane, saitimira elfu kumi, kuisafisha na kuirekebisha breki elfu kumi na tano, na cheni haikuhitaji kubadilishwa. Jumla elfu thelathini na tatu. Lakini nitabishana na nini? Sina karatasi, sina picha ya kabla. Nikapokea elfu sitini yangu. Ukijumlisha, siku nne zilinigharimu laki mbili na kumi bila petroli.

Basi nikasimama pale barabarani nimekunja suruali, bandeji nje, na kijana mmoja wa kijiweni, wa miaka ishirini na kitu, akanifuata. Hakuwa na pikipiki. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Samahani. Wewe ndiye uliyekuwa na Boxer yenye kitambaa chekundu?"

Nilielewa kabla hajamaliza.

Ile pikipiki ilikuwa ya mkataba. Kwa asiyejua: tajiri ananunua pikipiki, kijana anaiendesha na kumpelekea hesabu kila siku, kwake yeye elfu kumi, hadi idadi ya siku waliyokubaliana itimie, ndipo kadi inahamia kwa kijana. Yeye alikuwa amebakiza miezi mitano. Jumatatu asubuhi tajiri alikuja akachukua swichi, akasema anaihitaji kidogo. Akaipangisha kwangu kwa elfu thelathini kwa siku. Siku nne kijana alikaa kijiweni akipakia abiria wa wenzake kwa zamu za kuombea, na hesabu ya siku zile nne haikusamehewa. Ilisogezwa mwisho wa mkataba.

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na hasira na tajiri kwa elfu tisini zangu, na hapa kuna mtu ambaye mimi ndiye niliyekalia kiti chake, nikipiga kelele za furaha pwani. Nikamwuliza angenibeba kwa shilingi ngapi kwa siku kama ningemtaka yeye mwenyewe, na pikipiki, na njia anazijua. Akafikiri kidogo. "Elfu thelathini na tano kwa siku, mafuta yako. Kwani nani angekataa?"

Elfu tano zaidi ya nilizokuwa nalipa. Na dipoziti hakuna, kwa sababu pikipiki inakuja na mwenyewe.

Nilipumzisha mguu siku moja, nikanywa vidonge vyangu, halafu tukatoka naye siku tatu. Msangamkuu kwanza, kwa kivuko. Safari yenyewe ni fupi, pikipiki zinasimama kati ya magunia na wanafunzi, na ng'ambo unateremka kwenye kijiji cha wavuvi chenye ufukwe ambao, kama ungekuwa karibu na Dar, ungeshajaa vibanda vya chipsi. Tulikaa pale mchana kutwa bila kufanya lolote. Kisha tukarudi Msimbati, siku mbili, kwa bibi yuleyule, aliyemkagua kijana kama alivyoikagua pikipiki na kusema "Haya" ileile.

Kabla ya kuingia kwenye mchanga alisimama, akaokota mwiba, akabonyeza vali. Tairi la nyuma likapumua hadi likawa linabonyea kwa kidole gumba. La mbele akalipunguza kidogo tu. "Mchanga unataka tairi lililolegea na mtu aliyelegea," akasema. Akaniambia nikae nyuma kabisa ya kiti, nisiegemee naye kwenye kona. Gia ya pili, mafuta mamoja, hayapandi wala hayashuki, usukani anaushika kama ameshika kifaranga. Pikipiki ilipoanza kucheza hakuizuia, akaiacha icheze na kuendelea mbele. Breki ya mbele vidole vyake havikuigusa kabisa. Tukifika kwenye ardhi ngumu anajaza upepo kwa pampu ya baiskeli aliyoifunga chini ya kiti. Pampu ile ilikuwepo siku zote nne nilizokuwa nayo. Sikujua ni ya nini.

Nilipomsimulia habari ya saa, alicheka hadi akasimamisha pikipiki. "Dada, huku mtu akikwambia tukutane saa fulani, mwulize saa ya wapi." Akaichukua simu, akazima ile sehemu ya saa kujipanga yenyewe, akazima na huduma ya ughaibuni. Yeye anavaa saa ya mkononi ya plastiki, ya elfu tano. Maji anayajua kwa mwezi, kama bibi.

Na nikiwa nyuma ya mtu niliona vitu ambavyo kwa siku nne nilivipita nikitazama shimo linalofuata: ngalawa zinavyolazwa ubavu zikisubiri maji, watoto wanavyotega kaa kwenye mikoko kwa kijiti kirefu chenye ncha iliyopinda, mzee aliyekaa peke yake chini ya mkorosho akipanga korosho kwa vifungu vya ishirini-ishirini kama anahesabu tasbihi. Ruvula tulikwenda kwa pwani tena, lakini tulisubiri. Mwezi ulikuwa umeshaanza kumegeka, maji yanakupwa kwa kuchelewa. Tulikaa barazani kwa bibi hadi saa saba na nusu. Ilikuwa saa saba na nusu ya Tanzania. Tulikwenda polepole, na sikupiga kelele.

Siku ya kuondoka alinipeleka stendi alfajiri, akanifungia begi kwa mpira, akakataa pesa ya hiyo safari. Tukabadilishana namba. Basi lilipotoka Mtwara nilikuwa nimeshasinzia.

Hayo ni ya Oktoba. Wiki iliyopita nikiwa kwenye kikao, simu ikatetemeka mezani. Ujumbe wake: "Shikamoo dada. Bado siku thelathini na nne. Zile nne za mwisho ni za kwako."

Nikatoka nje ya kikao, nikamtumia elfu arobaini na ya kutolea.